Ubao na Mwenye Kuupanda

Siku za Mfunguo Mosi zilizopita nilikwenda Nairobi kumzuru binti wa dada yangu, aliyeolewa Makina, katika mtaa wa Kibera. Wengi katika wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wana jamaa zao pande hizo, kwa hiyo sina haja ya kueleza jinsi Makina ilivyo: msikiti wake, vioski vyake, harufu ya kisra inayopikwa na akina mama wa Kinubi, na watoto wasiokwisha njiani. Lililonishughulisha safari hii lilikuwa mlangoni mwa nyumba. Ukutani ulitundikwa ubao wa chuoni wa marehemu babu yake mkwe wangu, ule wa kuandikia kwa wino na kuoshwa kwa maji, nao umekuwa mweusi kwa umri. Chini yake ulisimamishwa ubao mwingine, mrefu kuupita ule mara mbili, umepakwa rangi za kumeremeta na kutiwa magurudumu manne.

Mwenye ubao ule wa pili alitoka ndani mkono wake wa kushoto umefungwa plasta hadi kiwiko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mkono una nini?"

"Mjomba, usimwulize yeye," mama yake akadakia. "Niulize mimi niliyelala naye hospitali. Wageni wamekuja na sanduku la mbao hizi, wamewapanga watoto foleni, kila mmoja achague apendao. Huyu akachagua jeneza lake!"

Mtoto ana miaka kumi na mmoja, na kwa kimo chake mtu humdhania wa minane. Nilimwuliza kwa nini aliuchagua ule. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Ndio uliokuwa mkubwa kuliko zote, babu."

Jawabu lake halikuniacha hadi niliporudi pwani. Mtoto hakukosa akili. Mwenye kupewa kitu cha bure katika mtaa kama ule, tena mara moja kwa miaka, atanyosha mkono wapi kama si kwenye kilicho kikubwa? Kosa liko kwa mtu mzima aliyeleta sanduku la mbao za kila kipimo, akaliweka chini, akaanza kupiga picha. Na kwa kuwa mambo haya ya mbao yamezidi kuenea, mbao za mawimbi huku kwetu na mbao za magurudumu huko bara, nimeona si vibaya tulitazame jambo hili kwa kirefu. Kwani ukiulizia ubao upi umfae nani, utajikuta unauliza pia anaishi wapi.

Kwanza tujue kuwa ubao huu wa magurudumu, ambao vijana wa Nairobi huuita sketibodi, ni mtoto wa bahari. Katika miaka ya 1950 vijana wa California, Marekani, waliozoea kupanda mawimbi kwa mbao, walikuwa wakikereka siku ambazo bahari imelala. Wakachukua vipande vya mbao, wakavipigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza, wakapanda lami kama walivyopanda maji. Hata mkao wao, wa kusimama ubavu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamelegezwa, ni mkao wa baharini. Kwa hiyo anayetaka kuelewa ubao wa Kibera hana budi aanze na ubao wa majini.

Asili ya mchezo wenyewe ni watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, na waliouendeleza kupita wote ni watu wa Hawaii. Wao walikuwa na mbao za namna mbalimbali. Ulikuwako uitwao olo, mrefu na mnene, unaoweza kufikia futi 16 na kuzidi, nao ulikuwa wa machifu. Na ulikuwako alaia, mfupi zaidi na mwembamba, ambao watu wa kawaida waliupanda. Mtu angeweza kudhani kuwa hapa pana ubwana na utwana tu, lakini lipo na jambo la maumbile ya maji. Ubao mrefu huelea sana, huanza kuteleza mapema wimbi likiwa bado ni mgongo tu wa maji usiojikunja, na mtu hukaa juu yake kama aliyekaa barazani. Lakini haugeuki upesi. Ubao mfupi hutaka wimbi lililosimama, lenye nguvu, na hutaka mtu mwenye mikono ya kupiga maji na macho ya kuchagua. Akishalipata lile wimbi, hugeuka nalo atakavyo.

Duke Kahanamoku, yule muogeleaji wa Hawaii aliyeshinda dhahabu katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, alipanda ubao wa futi 16 wenye uzito wa ratili 114, yaani karibu kilo 52. Mkabidhi ubao huo mtoto wa Makina uone kama atauinua kutoka mchangani. Duke aliuweza kwa sababu alikuwa Duke, na kwa sababu mawimbi ya Waikiki ni marefu na ya taratibu, yanayomwachia mtu nafasi. Lakini palepale Honolulu, katika miaka ya 1930, vijana akiwemo John Kelly walichoka kuona mbao zao pana zikiteleza ovyo kwenye mawimbi makali. Wakachukua shoka, wakauchonga mkia wa ubao ukawa mwembamba, wakarudi nao majini, nao ukashika njia. Hilo la shoka ningependa msomaji aliweke akilini, nitalirejea.

Sisi tuliolelewa Malindi hatukuwa na habari za Hawaii, lakini wakati wa kusi, ghuba ilipochafuka na maji ya Sabaki kuigeuza rangi ya chai ya maziwa, tulikuwa tukichukua mbao za madau yaliyovunjika, tukazilalia kwa tumbo, tukaletwa na wimbi mpaka mchangani. Nakumbuka kila mmoja alikuwa akijua ubao wake. Aliyekuwa mnene alikuwa na ubao wa mgongoni mwa dau, na mwembamba alipewa kipande cha kando. Kijana mnene aliyechukua kipande cha mwembamba alizama pua, na mwembamba aliyechukua ubao wa mnene alipelekwa asikokutaka. Mafundi wa ngalawa nao hawakuwa wakichonga bila ya kuuliza. Fundi alitaka kujua chombo kitapita ndani ya mwamba au nje, kitachukua watu wangapi, na mwenyewe anajua bahari au anajifunza. Alikuwa hapimi gogo mpaka apate majibu hayo.

Kwa faida ya vijana wetu wanaofanya kazi katika fukwe za Watamu na Malindi, ambao hupewa mbao na watalii wanaoondoka, nitasema hapa kwa ufupi yale ambayo watu wa fani hiyo wanakubaliana. Anayeanza, akiwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, hufaa apande ubao wa futi 8 au 9, mpana, wa sponji kwa juu, unaompita kimo chake kwa futi mbili au zaidi. Ubao mrefu humpa nafasi ya kukosea na asianguke. Mtoto hahitaji futi 9, humtosha ubao unaompita kimo kidogo na ambao anaweza kuubeba mwenyewe. Akishaweza kusimama na kugeuka bila ya kufikiri, ndipo ashuke futi baada ya futi. Ile mbao mifupi ya futi 6 au pungufu, yenye ncha kali, tunayoiona mikononi mwa mabingwa, imetengenezewa mawimbi ambayo kwetu hayaji kila siku, na mwanagenzi akiipanda atashinda mchana kutwa akinywa maji ya chumvi. Tazama pia uzito wako na si urefu wako tu, kwani ubao huelea kwa unene na upana vilevile. Hata sisi watunga mashairi hatumwanzishi mwanafunzi kwa bahari ngumu. Humwambia atunge utenzi wa mizani nane, mpaka pumzi yake ikomae.

Sasa turudi bara, kwenye magurudumu.

Ubao wa barabarani ulikuwa na dhiki zake tangu mwanzo. Magurudumu ya awali yalikuwa ya chuma, kisha ya udongo uliogandishwa, na kijiwe kidogo kama punje ya mtama kiliweza kuusimamisha ubao ghafla, mpandaji akaendelea na safari peke yake. Mnamo mwaka 1972 au 1973 kijana mmoja wa Marekani, Frank Nasworthy, alianza kuuza magurudumu ya aina ya plastiki laini iitwayo yurethani, ambayo hushika lami na kupita juu ya vijiwe. Mchezo mzima ukafufuka. Nalisisitiza hili kwa sababu watu huuangalia ubao, rangi zake na picha zake, ilhali katika barabara mbovu gurudumu ndilo lenye kauli. Gurudumu dogo na gumu, la milimita 52 hivi, ni zuri kwenye saruji iliyosuguliwa kama sakafu ya benki. Kwenye lami iliyochubuka mtu hutaka gurudumu la milimita 60 au zaidi, na liwe laini.

Ubao wenyewe, ule wa kawaida wa kuruka na kucheza, una urefu wa inchi 31 au 32 na upana wa inchi 8 hivi. Huo ni wa mtu mzima au kijana aliyekwisha kupevuka. Mtoto wa miaka kumi hufaliwa na upana wa inchi 7 au 7 na nusu, na urefu usiofika inchi 30. Kisha iko mbao mirefu, ya inchi 36 hadi 44 na kuendelea, iliyotengenezwa kwa safari na miteremko: hutulia kwenye mwendo, kama jahazi, lakini hutaka uwanja wa kugeukia.

Nilimwomba mjukuu wangu auweke ubao wake chini na asimame juu yake, mama yake akiguna. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mkono ulivyovunjika. Ubao wa namna hii hugeuka kwa kuinamishwa: mtu akiegemea upande, vyuma vilivyoshika magurudumu hujipinda, na baina ya vyuma hivyo pana vipande vya mpira vinavyopinga na kuurudisha ubao mahali pake. Ugumu wa mpira huo hupimwa kwa uzito wa mpandaji. Huu uliwekewa mpira wa kumstahimili mwanamume wa kilo 80. Mtoto alisimama, akaegemea kushoto, akaegemea kulia kwa nguvu zake zote, nao ubao usijue kama ana mtu juu. Alikuwa amepewa chombo kisicho na usukani, na akateremka nacho mteremko wa kwendea mto Ngong.

"Ulikuwa ukifikiri nini ulipoiona gari?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naugeuza, babu, haugeuki. Nikaruka."

Alhamdulillahi kwamba aliruka.

Barabara yenyewe ina habari yake, na wasomaji huenda wakaikumbuka. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera alfajiri kubomoa nyumba, vibanda na skuli zilizokuwa katika njia ya barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Maelfu ya watu walilala nje katika baridi ya Julai. Barabara ikajengwa, na haikatai mtu kuwa inafaa: magari ya kuzima moto na ya wagonjwa yanaingia pasipokuwa pakiingilika. Lakini likatokea jambo ambalo wahandisi hawakulipigia hesabu. Watoto wa Kibera, ambao maisha yao walikuwa hawajui ila vichochoro vya udongo na mitaro, kwa mara ya kwanza walipata lami iliyonyooka mlangoni. Mpira ulitoka vichochoroni, viatu vya magurudumu vikaonekana, na mbao nazo zikaonekana. Palipokuwa na nyumba ya fulani sasa pana kiwanja, na katikati ya kiwanja hicho panapita bodaboda.

Msomaji atauliza, kwani Kibera haina viwanja? Ardhi ya Kibera iliyotengewa askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Mwingereza, kama ilivyotangazwa rasmi mwaka 1918, ilikuwa inapita kidogo ekari 4,000. Ilikuwa msitu, na jina lenyewe, Kibra, katika Kinubi maana yake ni msitu. Miaka ikapita, ikamegwa huku na huku, mitaa ya wenye nafasi ikajengwa, na mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, jumuiya ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Katika hizo 288 watu wajenge, wazike, wafundishe na wacheze. Sisemi haya ili kuwasha ugomvi, maana mitaa ile leo ni ya makabila yote na kila mtu ana haki ya paa. Nasema tu kwamba anapotokea mgeni na sanduku la mbao zinazotaka uwanja wa kugeukia, uwanja huo umekwisha kugawanywa kabla babu wa mtoto hajafa.

Na ukiuliza habari ya maji ndiyo utasikitika zaidi. Chini ya Kibera, upande wa Langata, lipo bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Palikuwa na klabu ya mashua za tanga pale. Watu walishindana kwa matanga, mwendo wa dakika chache kutoka Makina, katika mji ambao sisi wa pwani husema haujui maji. Kisha taka za mitaani na maji machafu yakashuka, magugu-maji yakaota, na leo mgeni akioneshwa bwawa hilo atadhani ni shamba la mboga. Nilisimama ukingoni na yule mtoto. Hakuamini nilipomwambia kuwa pale palipita tanga. Alidhani ni hadithi ya pwani, kama zile za majini ninazomsimulia.

Kesho yake nilipanda gari la nambari 46 hadi Kawangware, ambako rafiki yangu wa zamani ana duka la vitambaa. Hali ya huko ni nyingine. Naivasha Road inayopita katikati imejaa mikokoteni, wauza mahindi na matatu zilizopanda juu ya kingo, wala hapana mtoto mwenye akili atakayeshusha ubao hapo ila alfajiri ya Jumapili. Vichochoro ni vya murramu, na mvua ikinyesha ni matope. Niliwaona watoto wana chombo chao wenyewe: kipande cha ubao wa sanduku, fimbo mbili za mti chini yake, na beringi za magari yaliyochakaa badala ya magurudumu. Mbele kamba ya kushikia, mwenye kupanda ameketi, mwenzake anasukuma. Kelele zake zinasikika Lavington. Lakini tazama kipimo! Ubao una urefu wa mtoto aliyekunja miguu, si zaidi. Hakuna mfadhili aliyewaambia, wameupata kwa kuanguka na kukata, kuanguka na kukata.

Ng'ambo ya bonde kutoka Kawangware, katika Kangemi, kuna makao ya watoto ya Shangilia, yaliyoanzia katika kazi ya kuwakusanya watoto wa mitaani na kuwafundisha michezo ya kuigiza na sarakasi. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la Kijerumani liitwalo skate-aid lilisaidia kujenga uwanja wa saruji wa mbao za magurudumu, wenye mabonde na miinuko iliyopigwa lipu vizuri. Hiyo ndiyo kazi niipendayo. Walianza na uwanja, kisha mwalimu, ndipo mbao. Kwenye saruji ya namna ile ule ubao wa kawaida wa gurudumu dogo na gumu ndio mahali pake, na mtoto ataanza na ubao wa kiasi chake na kupanda kadiri anavyokua. Kampala walitangulia: katika mtaa wa Kitintale, mwaka 2006, Jackson Mubiru na wenziwe walijenga uwanja kwa mikono yao, saruji kwa karai, bila ya kungoja wizara.

Lakini uwanja mmoja Kangemi hauwezi kuwa wa mtoto wa Makina. Kwa gari ni nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli hizo ni unga wa siku nzima. Kwa hiyo mbao zile zile zinazofaa Kangemi hupelekwa Kibera na Kawangware kwa kuwa ramani inaonesha mitaa hii kuwa imekaribiana. Gurudumu dogo na gumu linafika Kibera linakutana na changarawe, na ubao mrefu unafika linakosekana eneo la kugeukia. Miezi mitatu baadaye utaikuta mingi katika mafungu ya soko la Toi, inauzwa pamoja na viatu vya mitumba, na ripoti imekwisha andikwa Ulaya kuwa watoto mia kadha wamefurahi.

Watu wetu watasema, "Bwana, huu wote ni upuuzi, mtoto wa Kiislamu akae chuoni." Nimeyasikia hayo hata kwa mama yake. Siwalaumu, kwani wameona mengi yaliyoletwa kwa jina la michezo. Walakini walimu wetu wa chuoni, waliokuwa wakali kuliko wa leo, ndio waliokuwa wakitusimulia kuwa Sayyidna Umar, Mungu amridhie, aliwahimiza wazazi wawafunze watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Mambo matatu hayo yote ni ya mizani ya mwili na uthabiti wa moyo. Ubao una mizani hiyo hiyo. Kinachochukiza ni mtoto kuacha sala au kujitupa katika maangamizi, na la pili hili ndilo lililotokea, kwa kukosa mtu wa kupima.

Tena dunia haichezi na mchezo huu. Kupanda mawimbi na kupanda mbao za magurudumu yote mawili yaliingizwa katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021. Msichana wa Kijapani, Momiji Nishiya, alitwaa dhahabu akiwa na miaka 13, na Kokona Hiraki akapata fedha na miaka 12. Na Olimpiki ya Vijana, iliyopangiwa mwaka 2026 mjini Dakar, Senegal, ya kwanza kuletwa Afrika, ina mchezo huu katika orodha yake. Mtoto wa miaka 12 hushinda nishani kwa sababu mtu alimpa ubao wa inchi zake alipokuwa na miaka sita, akamtafutia na sakafu. Sisi tunao watoto wa miaka sita wa kutosha. Hapana kaunti ambayo nimeisikia ikihesabu sakafu.

Kabla sijaondoka Nairobi nilimchukua yule mtoto na ubao wake tukaenda kwa mafundi. Kwanza tulimpitia mzee mmoja anayeshona akala kwa matairi ya lori, karibu na njia ya reli. Nilimwomba vipande viwili vya mpira, vya unene wa kidole, vya kuwekwa baina ya chuma na ubao ili magurudumu yasiguse mbao ubao unapoinama. Hakuuliza ni vya nini hadi alipomaliza kukata. Alipoelezwa alicheka, akatukatia na viduara viwili vya mpira laini wa kubadili ule mgumu, akatoza bei ya kandambili moja. Kisha tukaenda kwa seremala.

Seremala aliupima mtoto kwanza. Alimsimamisha juu ya kipande cha boksi, akamwambia apanue miguu kama alivyozoea, akachora mstari mbele na mstari nyuma. Halafu akaulaza ubao juu ya meza, akaweka boksi juu yake. Ulikuwa umezidi kwa karibu shubiri moja na nusu.

Mtoto alipoiona msumeno akaanza kulia. Hakulia alipovunjika mkono, mama yake aliniambia, lakini pale alilia. Ubao ule ulikuwa ndio kitu kikubwa pekee alichopata kuwa nacho, na sisi watu wazima wawili tulikuwa tunakipunguza. Nikamweleza habari ya vijana wa Honolulu na shoka lao. Haikumsaidia. Seremala, ambaye ana watoto wake, aliweka msumeno chini, akamwambia, "Sikati mpaka wewe uniambie nikate." Tulinunua chai, tukaketi.

Alipomaliza chai aliinuka, akashika ubao kwa mkono wake mzima, akauweka mwenyewe penye alama. Seremala akakata, akatoboa matundu mapya, akafunga vyuma na vile vipande vya tairi. Magurudumu hatukuyagusa, yalikuwa makubwa na laini, na ndiyo yaliyokuwa mazuri peke yake katika zawadi yote ile. Kipande kilichobaki mtoto alikitia kwapani.

Jana mama yake alinipigia simu. Plasta imeondolewa. Anampeleka mwenyewe kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri, kabla ya magari, na husimama chini ya mteremko na leso yake kuzuia bodaboda. Ubao unageuka, amesema. Kile kipande kilichokatwa kimepigwa chokaa, na mdogo wake anaandikia alifu juu yake.